Kujitolea kwenye timu ya tiba shufaa ya kanisa kijijini: anzia hapa

Wananiuliza wengi, hasa vijana wa usharikani na kina mama wa jumuiya, nifanyeje na mimi niwe naenda na ile timu ya hospitali inayotembelea wagonjwa majumbani, wale ambao daktari keshasema hapa kupona hakuna. Mimi nipo kwenye hii huduma mwaka wa tisa sasa, huku kwetu mlimani upande wa Meru. Sio nesi wala daktari, ni mama wa kawaida nina migomba na kahawa kidogo, kwa hiyo naandika kama vile namwelezea mtu aliyekaa jikoni kwangu. Nimeweka kwa hatua ila zingine fupi zingine ndefu, kwa sababu kazi yenyewe ndo ilivyo.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwenye nini

Tiba shufaa ni kumhudumia mtu mwenye ugonjwa usiopona, saratani, ukimwi uliofika mbali, moyo au figo zilizochoka, ili asiteseke na maumivu, asinuke, asiachwe peke yake, na watu wa nyumbani kwake wasianguke pamoja naye. Sio kumwacha afe na wala sio kumharakisha. Huku kwetu tunaowakuta sana ni kina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania, na wazee wenye saratani ya umio, ile inayoanza ugali unakwama, baadae uji, mwisho hata mate hayapiti. Wengi wamezunguka kwanza, duka la dawa, mganga, maombi, zahanati, wakifika kwenye hospitali kubwa ugonjwa umeshatangulia.

Hii huduma imetokea mikononi mwa watu wa imani toka mwanzo. Cicely Saunders kule Uingereza alianza kama nesi, akafanya ustawi wa jamii, ndo akasomea udaktari, akafungua St Christopher's pale London mwaka 1967, na yeye ndo alifundisha kwamba mtu anayekaribia kufa anaumwa kwa pamoja mwili, moyo, mambo ya nyumbani kwake na roho, ukitibu kimoja ukaacha vingine hujamtibu. Jirani zetu Uganda Dkt. Anne Merriman, ambaye kabla ya hapo alikuwa sista mmisionari kwa miaka mingi, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kitu kikubwa alichokuja nacho ni mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, unga unachanganywa na maji mgonjwa anakunywa, bei ndogo kiasi kwamba hata bibi wa shamba anaipata akiwa kitandani kwake. Hapa kwetu hospitali za kanisa kama Selian kule Ngaramtoni na Teule kule Muheza zilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kuipeleka huduma majumbani. Haya nayasema ili ujue unaingia kwenye kazi yenye utaratibu wake, haitoshi kuwa na huruma tu.

Hatua ya 2: Pita mlangoni

Usianze kwa kwenda kwa mgonjwa. Anza kwa mwinjilisti wa mtaa wako au mchungaji, mwambie unachotaka, yeye atakuunganisha na ofisi ya diakonia, ile ya kanisa inayohudumia wahitaji, au moja kwa moja na nesi anayeongoza timu hospitalini. Kwa wakatoliki ni kupitia jumuiya ndogondogo na parokia, ni hivohivo. Mwenyekiti wa kitongoji nae ajue, na yule mhudumu wa afya wa kijiji, WAJA, ndo mtu wako wa karibu kuliko wote kwa sababu anajua kila nyumba kuna nani anaumwa nini, kwa hiyo usimruke.

Ukikutana na nesi uliza maswali yafuatayo bila aibu: nani atalipa nauli ya bodaboda, mgonjwa akizidiwa usiku nimpigie nani, hospitali ina mofini au haina, na wewe nesi utapita kwa mgonjwa wangu mara ngapi kwa mwezi. Kama majibu hayapo ujue utakuwa unaachwa na mgonjwa peke yako, na hilo ni zito sana, nimeona mtu mzuri kabisa ameacha huduma baada ya miezi mitatu kwa sababu alikuwa anapiga simu hazipokelewi.

Na ndugu mlioko nje, Ulaya au Marekani, mnaokuja likizo mnasema nataka kujitolea wiki mbili, karibuni, ila andikeni hospitalini mapema. Kama wewe ni nesi au daktari huwezi kugusa mgonjwa bila kibali cha baraza la taaluma yako hapa nchini. Kama sio wa afya utaongozana na timu, utabeba begi, utasalimia wazee. Glovu, gozi na pampasi za watu wazima mkileta zitatumika siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Mafunzo

Utafundishwa siku kadhaa, usizikwepe hata kama umeuguza mzazi wako mwenyewe. Kuna kuosha mgonjwa, kidonda, kujikinga, kutunza siri, kusikiliza. Siri ni siri kweli, ugonjwa wa mtu hautajwi kwenye maombi ya jumuiya bila yeye kukubali, wala picha yake haiwekwi kwenye grupu la WhatsApp hata kama mnachangisha.

Jambo moja utakalotumia kila siku ni kupima maumivu kwa vidole. Mgonjwa anafumba ngumi ikiwa haumwi kabisa, kidole kimoja anaumwa kidogo, vitano vyote ni maumivu yasiyovumilika. Hata asiyejua kusoma anaonyesha. Unaandika kwenye daftari, leo vinne, juzi viwili, nesi akiona hiyo anajua cha kufanya. Na usimpunguzie. Wanaume wa huku wengi wataonyesha kidole kimoja huku jasho linawatiririka, hapo angalia uso, angalia anavyokunja miguu, alafu muulize mke wake usiku alilala saa ngapi.

Hatua ya 4: Begi

Glovu, sabuni, kitambaa safi, mafuta ya kupaka, gozi, mpira wa kutandika kama upo, daftari na kalamu mbili, tochi, simu yenye chaji. Chupa ya Jik kwa ajili ya damu na uchafu uliomwagika sakafuni, ile ya asilimia 3.5 unachanganya kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Hiyo sio ya kuoshea kidonda. Kidonda ni maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita. Sukari na unga wa uji weka ukiweza, ila usijenge mazoea ya kwenda na mfuko uliojaa kila mara, familia itaanza kuangalia mkono wako kabla ya kukuangalia usoni.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza nyumbani

Piga hodi kama mgeni, subiri ukaribishwe hata kama mlango upo wazi. Salimia wazee kwanza, shikamoo zote zitoke, kaa unapoonyeshwa kukaa. Usikimbilie chumbani. Uliza nani anamuuguza, kwa sababu huyo ndo unamfanyia kazi, mara nyingi ni mkwe au binti aliyeacha shule au biashara, amekonda kuliko mgonjwa, na hakuna mtu amemuuliza wewe umekula.

Ukiingia kwa mgonjwa kaa usawa wake. Usisimame juu yake. Na hapa inabidi niongee harufu waziwazi kwa sababu ndo inawakimbiza wengi. Mama wa kwanza niliyepelekwa alikuwa na saratani ya titi iliyopasuka, chumba kina kidirisha kimoja kimezibwa na gunia, nimeingia tu machozi yakanitoka na sio ya huruma. Nesi niliyeongozana naye hakuziba pua wala hakugeuka, alikaa kitandani akamshika mkono akamwambia shikamoo mama, pole na kuuguza titi lako, tumekuja tuliangalie pamoja. Akatoa gunia dirishani. Akaloweka gozi ya zamani na maji ya chumvi hadi ikaachia yenyewe bila kuivuta, akasafisha taratibu, akasaga vidonge vya metronidazo, ile Flagyl mnayoijua, akanyunyizia kwenye kidonda, akafunika. Akawaambia waweke mkaa kwenye sahani chini ya kitanda, unavuta harufu. Tuliporudi baada ya siku nne wajukuu walikuwa wamekaa humo chumbani wanaandika homuweki kwenye godoro la bibi yao. Dawa ya kidonda anaamua nesi, wewe unajifunza kusafisha na kufunga akishakuonyesha.

Kabla ya kuondoka sema siku utakayorudi. Hapa ndo pa kuwa makini kuliko hatua zote. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na babu mwenye saratani ya umio, nilimwambia Alhamisi ntakuja. Ilikuwa masika, kijito kimejaa, bodaboda hazipiti, simu imezima, nikasema basi ntaenda wiki ijayo ataelewa. Wiki iliyofuata bibi akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu, Alhamisi alinifanya nimvalishe lile shati jeupe la kanisani, akakaa mlangoni toka saa tatu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi, akakataa hata ule uji mwepesi akisema atakunywa na mgeni. Babu mwenyewe hakunilaumu, alisema mvua ilikuwa kubwa. Toka siku hiyo sisemi siku nisiyoiweza, na kila nyumba nina namba mbili, ya nyumbani na ya jirani, kama sifiki napiga kabla jua halijapanda.

Hatua ya 6: Kuosha na kugeuza

Anayelala muda wote ageuzwe kila baada ya saa mbili la sivyo atatoboka makalioni na visiginoni. Mfundishe anayeuguza, usifanye peke yako ukaondoka, kwa sababu wewe upo saa moja na yeye yupo siku nzima. Mkunje mgonjwa goti la upande wa mbali, mmoja ashike bega mwingine nyonga, mvuteni kwenu kwa pamoja, mto au khanga iliyokunjwa nyuma ya mgongo na nyingine katikati ya magoti. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Kitenge kipya ni kigumu, kitenge kilichofuliwa mpaka kikalainika ndo kizuri.

Ukimwosha funika sehemu zote isipokuwa ile unayoiosha. Mwanaume aoshwe na mwanaume ikiwezekana, kumwosha baba mkwe usimwagize mkwewe, kuna nyumba hiyo ni aibu ambayo hawatakuambia, watanyamaza tu na mgonjwa ataendelea kulala mchafu. Kinywa kisisahaulike, kitambaa laini na maji ya chumvi kidogo, midomo ipakwe mafuta.

Hatua ya 7: Mofini

Watu wanaiogopa, wanasema ni dawa ya kufia, au atakuwa teja. Waelezee bila kugombana kwamba inatolewa kwa ajili ya maumivu makali, inaanza kidogo inaongezwa na mwenye kibali kulingana na maumivu, na mtu anaweza kuitumia miezi mingi akiwa anakaa nje na kuongea na watu wake. Mofini ya maji inakaa mwilini kama masaa manne hivi, kwa hiyo utaratibu wa kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na ile ya saa nne usiku mara nyingi nesi anaandika mara mbili ya kipimo ili mtu alale mpaka asubuhi. Isisubiriwe mpaka aumwe. Nyumba isiyo na saa tunafunga na mambo ya nyumbani: mkikamua ng'ombe, chai ya saa nne, watoto wakitoka shule, mkiwasha taa, mkienda kulala.

Kipimo ni cha nesi au daktari, wewe huongezi wala hupunguzi hata familia ikikulilia. Kazi yako ni kuangalia mambo machache. Choo, kwa sababu mofini inafunga tumbo karibu kila mtu, dawa ya kulainisha choo inatakiwa iandikwe pamoja nayo, uliza leo siku ya ngapi hajapata choo na uandike. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, ila akilala hadi haamshiki au anapumua taratibu mno piga simu sasa hivi usisubiri kesho. Chupa ikae juu mbali na watoto, isihamishiwe kwenye chupa ya soda hata siku moja. Na akifariki, iliyobaki irudi kwa nesi.

Hatua ya 8: Maombi

Timu ni ya kanisa na watu wanategemea mtaomba, ila omba ruhusa. Bibi, unapenda tuombe? Akisema sio leo, sio leo. Maombi yawe mafupi, mgonjwa mwenye maumivu hawezi kusikiliza dakika ishirini. Zaburi ya 23 wengi wanaijua kwa moyo, ukianza utaona midomo inafuata hata kwa mtu ambaye hajaongea toka jana. Kama ni mlutheri muulize kama anataka mchungaji amletee Chakula cha Bwana nyumbani, mkatoliki muitieni padre kwa ajili ya mpako wa wagonjwa wakati bado anajielewa. Akiwa mwislamu unamhudumia vilevile, na ukimuuliza kama angependa watu wa msikitini kwake waje, umemhudumia roho yake. Usimgeuze dini mtu ambaye hawezi hata kuinuka akuondokee.

Usimwambie utapona. Najua inatoka mdomoni yenyewe. Kuna mhubiri mmoja alipita kwa mgonjwa wangu akamwambia kunywa dawa ni kukosa imani, wakaimwaga chupa nzima nyuma ya nyumba. Yule dada aliteseka siku tatu mpaka mama yake akatuma mtoto mbio kuniita, na kilichomuuma hata baada ya dawa kurudi ni kwamba aliamini anaumwa kwa sababu imani yake ni ndogo. Nilikaa naye mchana wote sikuwa na maneno, nilimwambia tu Bwana Yesu mwenyewe pale msalabani alilia kwa sauti, akanyamaza akanishika kidole. Mtu akikuuliza nitapona? mrudishie taratibu, wewe unaonaje mwili wako? Mara nyingi anajua, alikuwa anatafuta mtu asiyekimbia.

Hatua ya 9: Mambo ya nyumba

Hapa unahitaji busara. Mgonjwa anawaza ada ya mtoto, deni la ng'ombe, shamba watachukua mashemeji. Usijifanye mwanasheria, mlete msaidizi wa kisheria wa kata au mzee wa kanisa anayeaminika, na mapema, mtu akiwa bado anaweza kusema na kusaini wosia wake mbele ya mashahidi. Tumeshachelewa mara nyingi, na mjane mmoja tulimsaidia kubeba masufuria yake kutoka kwenye nyumba aliyoijenga yeye. Watoto nao waambiwe kwa lugha yao, wasidanganywe mama kasafiri.

Hatua ya 10: Siku za mwisho

Ataacha kula. Msimlazimishe, uji wa kulazimisha unaingia kwenye mapafu. Lowesha midomo kwa kitambaa. Miguu itakuwa ya baridi, pumzi inasimama kidogo inarudi, saa ingine kuna mkoromo kooni unaowatisha ndugu, mlazeni ubavu utapungua. Waambie yote haya kabla hayajatokea ili wasimbebe kwenye pikipiki saa nane za usiku akafie njiani. Waambie waendelee kuongea naye, inawezekana bado anasikia. Mofini haikatwi kwa sababu tu hawezi kumeza vizuri, muulize nesi, kiasi kidogokidogo kinaweza kuwekwa ndani ya shavu.

Msiba ukitokea nenda kama mtu wa msiba, osha vyombo, chota maji. Alafu rudi baada ya matanga kuanuliwa, wakati wageni wameondoka na nyumba imekuwa kimya, kaa na yule aliyekuwa anauguza. Nusu saa inatosha.

Hatua ya 11: Na wewe

Utaota wagonjwa. Utarudi nyumbani umuone mumeo analalamika chumvi imezidi ukatamani kulia. Ongea na wenzako kwenye kikao cha timu, usikose vikao hivo, na ukifiwa na wagonjwa wawili kwa wiki moja omba upumzike mwezi, hakuna atakayekuhesabia dhambi. Usibebe wagonjwa watano kwa mpigo kwa sababu umepata moto. Anza na mmoja, siku moja ya wiki ambayo una hakika nayo, ambayo sio ya gulio wala ya vikoba wala ya mazoezi ya kwaya. Mwambie mgonjwa siku hiyo, iandike kwenye daftari la nyumba yake ukutani ukiweza. Yangu bado ni Alhamisi.